Makocha Watatu, Goti Moja



Mmezoea nikiandika hapa naandika mambo ya dhamana, mikutano ya hadhara na katiba mpya. Leo naomba mnivumilie, nataka kuongea mpira. Na siongelei Simba na Yanga. Naongelea watoto wanaocheza mpira, namna tunavyowachosha, na kwa nini nasema hili nalo ni la kisheria na la kisiasa kama yale mengine tunayopigia kelele kila siku.

Nina mdogo wangu wa kiume. Mwaka jana alikuwa na miaka 14, kidato cha pili, anacheza winga. Wiki yake ya kawaida ilikuwa tizi za akademi siku tatu jioni, na mechi moja Jumapili. Halafu mambo matatu yakaja kwa mkupuo. Shuleni timu ikaanza kujiandaa na mashindano, akachaguliwa, mazoezi alfajiri siku tatu kwa wiki. Akademi nayo ikaongeza siku ya nne na kukaza mazoezi kwa sababu kuna mtu alikuwa anakuja kuangalia vipaji. Na mtaani likaanzishwa kombe la vijana, mechi mbili kila Jumamosi.

Baada ya wiki tano dogo akawa hawezi kushuka ngazi bila kushika ukuta. Chini ya goti la kulia kulikuwa na uvimbe mgumu, ukimgusa anaruka. Mama akamkanda na maji ya moto yenye chumvi, akampaka dawa ya kuchua. Kocha wa shule akamwambia akomae. Kocha wa akademi akamwambia kama anaumwa awapishe wenye njaa. Basi akawa anafunga goti na kitambaa, anaingia uwanjani. Hospitali tulikwenda baada ya mwezi mzima.

Daktari akatuambia tatizo linaitwa Osgood-Schlatter, na kwamba ni la kawaida sana kwa watoto wanaocheza michezo ya kukimbia na kuruka. Mtoto anapofika kwenye kasi ya kurefuka, mifupa hukua haraka, misuli na kano zinabaki nyuma. Kano inayotoka kwenye pia ya goti inajishikiza kwenye mfupa wa mbele wa mguu, mahali ambapo kwa umri ule bado ni laini. Kila akikimbia, akiruka, akipiga shuti, kano inavuta palepale. Ikivutwa mno bila kupumzika, panavimba na kuuma. Wengi hupona wenyewe ukuaji ukiisha. Tiba kubwa ni kupunguza mzigo na kusubiri.

Halafu akauliza swali moja dogo: "Huyu kwa wiki anacheza mara ngapi?"

Mama akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia dogo. Dogo akaanza kuhesabu kwa vidole, akachanganyikiwa. Kocha wa shule alikuwa anajua mazoezi yake tu. Wa akademi anajua ya kwake. Wa kombe la mtaani anajua Jumamosi yake. Watu wazima watatu walikuwa wanautumia mwili mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajumlisha. Hata sisi wa nyumbani hatukuwa tunajumlisha.

Nikarudi chuoni nimekasirika, nikaanza kusoma. Nikakuta wenzetu wana njia rahisi mpaka inatia aibu. Haihitaji kompyuta wala vile vifaa vya setelaiti wanavyovaa mgongoni wachezaji wa Ulaya. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Carl Foster, ndiye aliyeieneza. Mazoezi yakiisha, unasubiri kama nusu saa mtoto atulie, unamuuliza: kwa kipimo cha 0 hadi 10, leo imekuwa ngumu kiasi gani? Sifuri ni kama umekaa tu, kumi ni mwisho wa uwezo wako. Jibu lake unazidisha na dakika alizocheza. Amefanya dakika 90 na kasema ni 6, huo ni mzigo wa 540. Unaandika, kesho unaandika tena, mwisho wa wiki unajumlisha.

Nikakaa na dogo tukajaza kwa kukumbuka. Wiki ya kawaida: akademi mara tatu, dakika 90, ugumu 6, jumla 1,620. Mechi ya Jumapili dakika 70, ugumu 8, ni 560. Wiki nzima 2,180.

Sasa wiki ile ya mambo matatu. Shule mara tatu, dakika 60, ugumu 5: 900. Akademi mara nne, dakika 90, ugumu 7: 2,520. Jumamosi mechi mbili za dakika 60, ugumu 9: 1,080. Jumapili 560 ile ile. Jumla 5,060.

Yaani mzigo uliruka zaidi ya mara mbili kutoka wiki moja hadi nyingine, halafu ukakaa hukohuko wiki tano, kwa mtoto ambaye alikuwa anarefuka mpaka suruali za shule zinamwacha. Namba za kukumbuka si ushahidi wa mahakamani, nakubali. Lakini hata ukizipunguza kidogo, picha haibadiliki.

Kuna kanuni ya haraka ambayo baadhi ya madaktari wa michezo wanaitumia: saa za michezo ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wa mtoto. Dogo alikuwa na saa kama 12 na miaka 14. Kwa kanuni hiyo yuko salama kabisa! Ndiyo maana nasema kuhesabu saa peke yake hakutoshi. Kinachovunja watoto mara nyingi ni mruko wa ghafla, na saa hazikuambii kama ilikuwa danadana za kucheka au fainali ya kufa na kupona.

Sehemu ya pili ya kazi hii ni hali ya mtoto mwenyewe, maana mwili hauchoshwi na mpira tu. Huko kwenye timu zinazojali, mchezaji anaulizwa asubuhi maswali machache: umelala vipi, umechoka kiasi gani, misuli inauma, una mawazo gani. Anajibu kwa namba. Kwa umri wa miaka 13 hadi 18 wataalamu wa usingizi wanashauri saa 8 hadi 10 kwa usiku. Dogo alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya mazoezi ya shule na analala saa tano usiku baada ya homework. Hiyo ni saa sita. Kwa mazingira yetu mimi ningeongeza swali la tano: umekula nini tangu asubuhi? Kuna watoto wanakwenda tizi ya saa kumi jioni, jua la Dar, wakiwa na chai ya rangi tumboni. Ukimwambia huyo "kaza", unamwambia akaze nini?

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo imenifanya nichelewe kuandika makala hii.

Lile kombe la mtaani, la mechi mbili kwa siku, halikuandaliwa na chama tawala. Liliandaliwa na watu wa upande wetu. Mechi zilibanwa Jumamosi kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi Jumamosi. Mimi nilikuwepo, nimevaa fulana ya chama, nagawa maji. Na dogo alipokaa chini kipindi cha pili cha mechi ya pili, ameshika goti, mimi dada yake nilikuwa wa kwanza kupiga kelele pale pembeni: "Komaa dogo, dakika kumi tu!"

Akasimama, akakomaa. Picha zilitoka nzuri sana.

Kwa hiyo sisemi haya nikiwa juu ya mti. Tunajua kuwatumia watoto kama mapambo ya siasa, wote, wa kijani na sisi. Tofauti inatakiwa ianze pale tunapoambiwa tumekosea.

Twende kwenye sheria, ndiyo kazi yangu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 4, inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na maslahi ya mtoto ndiyo yawe mbele katika kila hatua inayomhusu. Kifungu cha 8 kinampa haki ya matibabu, na pia haki ya kucheza na kupumzika. Kucheza na kupumzika vimewekwa pamoja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, ibara ya 31, nao unataja pumziko na michezo kwa pumzi moja.

Halafu kuna kifungu cha 12. Kinakataza mtu kumwajiri au kumshughulisha mtoto katika shughuli yoyote inayoweza kudhuru afya yake, elimu yake au ukuaji wake wa akili, mwili na maadili. Najua mwanasheria mwenzangu atasema kifungu kile kililenga ajira. Inawezekana. Lakini soma maneno yenyewe: kumshughulisha, shughuli yoyote. Mtu mzima anayepanga ratiba, anayeamua nani acheze na nani akae benchi, anamshughulisha mtoto. Ningependa sana siku moja hoja hii ifike mbele ya hakimu.

Na kuna jambo la hela, ambalo wazazi wengi hawalijui. Kanuni za FIFA kuhusu uhamisho zina kitu kinaitwa fidia ya mafunzo. Mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa kwenye klabu ya nchi nyingine, waliomlea wanaweza kulipwa kwa ajili ya mafunzo aliyopata kati ya miaka 12 na 21. Sipingi, waliomlea wanastahili. Ila oneni: dunia ya mpira inahesabu kila mwaka wa mafunzo ya mtoto ili walimu wake walipwe. Dakika za mtoto mwenyewe, ili goti lake lisife, hazina mhesabuji.

Serikali yetu nayo inajua kuhesabu, ikitaka. Mwaka 2023 Rais alitangaza shilingi milioni 5 kwa kila goli ambalo Simba na Yanga wangefunga kwenye mashindano ya Afrika. Goli la Mama, wote tulishangilia, na mimi nilishangilia. Sasa chukua goli moja. Milioni 5, daftari moja la shilingi 1,000: unapata madaftari 5,000. Watoto 5,000 wa kuandikiwa mzigo wao, hali zao na urefu wao kwa mwaka mzima, kwa bei ya goli moja la kichwa dakika ya 80.

Mwaka 2027 tunaandaa AFCON pamoja na Kenya na Uganda. Viwanja vinajengwa, zabuni zinatoka, mabango yatajaa. Mwaka 2019 tuliandaa AFCON ya vijana chini ya miaka 17 hapahapa Dar, Serengeti Boys wakapoteza mechi zote tatu, wakafungwa magoli 12. Sisemi walipoteza kwa sababu ya uchovu. Ninasema kila mara tunajenga uwanja kwanza, halafu tunashangaa mchezaji yuko wapi.

Na wasichana tusiwasahau. Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakafika robo fainali. Wasichana huanza kurefuka mapema kuliko wavulana, kwa wastani kama miaka miwili, kwa hiyo mzigo wa kuangaliwa kwa makini unaanza mapema pia. Na msichana anayefanya mazoezi makali huku hali chakula cha kutosha anaweza kukosa hedhi kwa miezi, na mifupa yake ikadhoofika. Hilo ni la kuulizwa na mwanamke anayemwamini, faragha, si na kocha wa kiume mbele ya timu. Timu ngapi za wasichana mtaani kwenu zina mwanamke hata mmoja kwenye benchi la ufundi?

Najua mtakayosema kwenye komenti. Wacha nijibu mapema.

"Sisi tulicheza chandimu kutwa nzima na hatukufa." Kweli. Lakini kwenye chandimu ukichoka unatoka, unakunywa maji bombani, unakaa chini ya mwembe, mama akiita unaondoka. Mtoto mwenyewe ndiye anayeshika breki. Tulipoleta filimbi, jezi na kocha, breki ile tulimnyang'anya, kwa hiyo sisi tuliomnyang'anya ndio tunaotakiwa kuishika. Halafu wanaosema hawakufa ni wale waliobaki kucheza. Aliyeacha mpira na miaka 15 kwa sababu ya goti hayupo kwenye mjadala, yuko kijiweni anaendesha boda.

"Watoto watadanganya, watasema wako fiti." Watadanganya, ndiyo, kama jibu la kweli linawapeleka benchi. Dogo aliniambia mwenyewe alikuwa anasema "freshi tu kocha" huku meno yameumana. Dawa yake ni mtoto aulizwe peke yake, aliyesema ukweli asiadhibiwe, na kocha aangalie mwelekeo wa wiki nzima, asiangalie jibu la siku moja. Mtoto anayesema 5 kila siku, akaanza kusema 8 kwa mazoezi yaleyale, anakuambia kitu hata kama hajui.

"Hizi namba zenyewe zina ubishi." Ni kweli, wataalamu wanabishana kuhusu mruko wa kiasi gani ndio hatari, na hakuna namba moja ya kuagua nani ataumia kesho. Lakini mama yako naye hakuwa na namba ya kuagua. Alikuwa na kadi ya kliniki.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Watoto wengi wa nchi hii wanayo kadi ya kliniki. Mama anaibeba kwenye khanga, anaipeleka kituo chochote cha afya, nesi yeyote anaifungua na kuona uzito wa miezi yote iliyopita. Mstari ukilala, nesi anauliza, "Huyu anakula nini?" Kadi inamfuata mtoto popote, kwa hiyo kila nesi anaona yaliyofanywa na mwenzake.

Mchezaji mtoto naye awe na kadi ya namna hiyo. Iwe yake, isiwe ya akademi wala ya shule. Ndani yake kuwe na dakika, ugumu, usingizi, chakula, maumivu, na urefu wake kila mwezi, hata kwa chaki ukutani. Akifika kwa kocha wa Jumamosi, kocha anaifungua na kuona kwamba mtoto huyu tangu Jumatatu ameshapigwa tizi saba. Hapo akimchezesha mechi mbili, hawezi tena kusema hakujua. Na kwa sisi watu wa sheria, "hakujua" ndilo neno linalookoa wengi.

Ninachodai ni haya. Baraza la Michezo la Taifa, ambalo lina sheria yake tangu mwaka 1967, pamoja na TFF, waifanye kadi hii kuwa sharti la kusajili akademi na mashindano yoyote ya walio chini ya miaka 18. Mtoto asicheze mechi mbili kamili siku moja. Maofisa michezo wa halmashauri, ambao wapo na wanalipwa mshahara, wapewe jukumu la kukagua kadi kama wanavyokagua vyeti vya kuzaliwa. Na makocha wafundishwe ule mpango wa kupasha mwili wa FIFA 11+, dakika kama 20, bila kifaa zaidi ya mpira. Tafiti kadhaa zimeonyesha unapunguza majeraha kwa vijana.

Hayo ni kwa serikali. Kwetu sisi nadai zaidi, kwa sababu kwetu hatuhitaji kusubiri bunge. Kombe lolote litakalobeba jina la jumuiya yetu ya vijana, kuanzia sasa, liwe na mechi moja kwa mtoto kwa siku. Mgeni rasmi akiwa na nafasi Jumamosi tu, aje aone nusu ya mechi. Kila kata imteue mtu mmoja wa daftari. Awe na kalamu, aulize maswali matano, ajumlishe. Tumekesha tukihesabu kura kwenye vituo, tukalinda fomu kama roho zetu. Kujumlisha dakika za watoto hakuwezi kutushinda.

Nimewapelekea viongozi wetu wa wilaya barua kuhusu kombe lile, nimeisaini kwa jina langu. Wapo walioniambia ninampa adui silaha. Mimi naona silaha tumempa siku tuliyomchezesha mtoto mgonjwa ili tupate picha.

Dogo alikaa nje miezi minne. Akademi ilimpa mwingine nafasi yake, na hakuna kocha hata mmoja aliyepiga simu nyumbani. Sasa hivi amerudi kidogo kidogo, siku tatu kwa wiki. Ana daftari la mistari, gamba la bluu, analiweka kwenye begi pamoja na viatu vyake vya mpira. Juzi nilimpigia simu nikamuuliza tizi ilikuwaje. Akasema, "Dada, leo ni saba, na goti linauma kidogo. Kesho sitaenda."

Nikamwambia sawa mdogo wangu, pumzika.